Chupa Zenye Kifuniko cha Dhahabu

Kila akitoka shule, Kachero alivua sare akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akala chakula kilichofunikwa kwa sahani, kisha akaenda uani kuosha chupa.

Hazikuwa chupa za soda wala za mafuta ya kula. Zilikuwa chupa ndogo za rangi ya kucha, nyeusi, zenye kifuniko cha dhahabu, ambazo rangi yake ilikuwa imekwisha. Mama yake alikuwa fundi wa kucha, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: dirisha moja, meza moja nyembamba, benchi la wateja, na taa ndogo ya kukaushia rangi ya jeli. Rangi ya jeli ina tabia zake. Ukiipaka ukaiacha hivihivi, itanata hadi kesho. Mpaka mteja aingize vidole ndani ya taa na mwanga wa zambarau uimulike, ndipo inapokauka na kung'aa kama kigae kipya.

"Chupa hazitupwi," mama alikuwa amemwambia. "Osha, anika, weka kwenye boksi."

Basi Kachero aliosha. Alimimina asetoni kidogo, dawa ya kuondolea rangi, kwenye kikombe kikuukuu, akachovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, akasugua ndani ya chupa mpaka mabaki ya rangi yakatoka. Harufu ilimpanda kichwani na vidole vilimkauka, lakini hakuwahi kuuliza chupa zile zinakwenda wapi. Hilo ni jambo la kushangaza, maana mtoto huyu aliuliza kila kitu. Ila kazi ya kutumwa na mama ni kazi ya kutumwa na mama, na nani huuliza deki inapigwa kwa nini?

Jina la Kachero lilimpata akiwa darasa la pili. Sukari ilikuwa ikipungua kwenye kopo na kila mtu akawalaumu sisimizi. Yeye akanyunyiza unga kwenye mfuniko, akakaa akisubiri, na jioni unga ule ukaonekana kwenye vidole vya bibi, ambaye daktari alikuwa amemkataza sukari kabisa. Bibi alinuna wiki nzima. Watu wa nyumbani walicheka, wakampa jina, na mama yake naye akaanza kuitwa Mama Kachero mtaa mzima. Tangu hapo mtoto akajiona ana kazi maalumu duniani. Mtu akimsalimia mara mbili kwa siku moja, alijiuliza anataka nini.

Muhula ule, alikuwa na jambo zito la kuchunguza. Vidole vya mama vilikuwa vinaugua.

Vilianza kwa kuwasha. Mama alikuwa akimpaka mteja rangi, ghafla anasimama na kujikuna kwa mgongo wa tupa ya kucha. Baadaye ncha zikawa nyekundu, ngozi ikachanika, na mama akawa anakunja uso akikamua nguo.

"Sabuni hii ya kufulia," alisema. "Siku hizi wanatengeneza sumu tupu."

Kachero aliitazama sabuni kwa jicho baya. Akafulia yeye mwenyewe, vidole vya mama visiiguse. Lakini mama hakupona. Sabuni ikafutwa kwenye orodha ya washukiwa, na jicho la Kachero likahamia kwa Dada Glavu.

Dada Glavu alikuwa msaidizi wa mama. Alikuwa msichana mwembamba, mtaratibu, asiyesema sana, na alikuwa amehamia kwao kutoka saluni ya ng'ambo ya barabara. Hilo peke yake lilitosha kumkosesha Kachero usingizi. Mtu anaacha saluni yenye vioo vikubwa na feni ya darini, anakuja kwenye chumba chenye dirisha moja, kwa nini? Wateja walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kugusa chupa ya jeli bila kuvaa glavu za bluu, na alizibadilisha kila mara kana kwamba duka la glavu ni la baba yake. Zaidi ya hapo, kucha zake mwenyewe hazikuwa na rangi hata kidogo.

"Mpishi asiyeonja chakula chake," Kachero alijisemea, "anajua alichotia."

Siku moja Dada Glavu alimfuata uani, akachuchumaa kando yake, akamnyooshea jozi ya glavu.

"Vaa hizi unapoosha, mdogo wangu. Hayo mabaki si mazuri kwa ngozi."

Kachero alizipokea kwa ncha za vidole viwili. Alipozinusa na kuona hazina harufu, ndipo wasiwasi ulipomzidi. Mtu mbaya akianza kukupa zawadi, ujue anataka kukuziba mdomo. Alizitundika kwenye mti wa kamba ya nguo, akaendelea kuosha kwa mikono mitupu.

"Haya," Dada Glavu alisema, akainuka. "Ukizitaka, zipo."

Kisha yakaja mazito zaidi. Alasiri moja Kachero alikuwa akipita karibu na stoo, chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya pazia la saluni. Akasikia mnong'ono.

"Mimi naogopa, Mama Kachero," ilikuwa sauti ya Dada Glavu.

"Shii! Mtoto huyo," mama alijibu, na pazia likafunguka, na wote wawili wakamtabasamia kwa pamoja. Kachero hakupenda tabasamu zile. Mwenye kuogopa ana jambo, alifikiri. Pengine mama alikuwa amemgundua, sasa Dada Glavu anamwomba msamaha.

Siku ya pili yake alichungulia kwenye ufa wa pazia. Dada Glavu alikuwa peke yake stooni. Mbele yake palikuwa na kopo kubwa jeupe, lisilo na jina wala maandishi yoyote. Alikuwa amechomeka faneli ndogo kwenye mdomo wa chupa nyeusi, na taratibu alikuwa akimimina ndani yake kitu kizito, cha waridi, kutoka kwenye kopo lile. Alipomaliza alifunga kifuniko cha dhahabu, akaifuta chupa, akaipanga kwenye rafu pamoja na nyingine, mpya kabisa kwa kuitazama.

Shuleni walikuwa wamejifunza methali: kikulacho ki nguoni mwako. Sasa aliiona kwa macho yake ikifunga kifuniko.

Hakusema siku ile. Kachero wa kweli husubiri mashahidi.

Jumamosi saluni ilijaa. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani, jirani yao, na hakuja kupakwa rangi. Aliweka mikono yake mezani chini ya macho ya mama. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba, zina malengelenge, na kucha mbili zilikuwa zimeanza kuinuka kutoka kwenye nyama.

"Tazama, Mama Kachero. Sindano siwezi kuishika. Nguo za watu zimelala kwenye mashine, na wenyewe wanashinda mlangoni pangu wakinidai. Ulinipaka nini?"

"Labda ni nyuzi zako, shoga," mama alisema. "Nyuzi za siku hizi zina rangi kali."

"Nyuzi nimezishika tangu usichana wangu! Hazikuwahi kunifanya hivi."

"Hata mimi vinaniwasha," akasema mwanamke mwingine kwenye benchi, akijitazama vidole. "Nilidhani ni baridi."

Benchi zima likaanza kutazama vidole vyake. Mama alishika chupa nyeusi akaiinua juu. "Jamani, rangi yangu mnaijua. Kifuniko cha dhahabu. Ni ileile mnayoipenda miaka yote."

Hapo Kachero hakuweza kujizuia. Alichomoka nyuma ya mlango, akaingia stooni, akatoka amelikumbatia kopo jeupe.

"Si ileile!" alipaza sauti. "Dada Glavu anajaza chupa kwa kitu hiki. Nimemwona kwa macho yangu! Ndiyo maana anavaa glavu, ndiyo maana yeye mwenyewe hajipaki. Ametumwa na ile saluni ya ng'ambo!"

Wateja walimgeukia Dada Glavu. Naye hakuwatazama wateja, wala kopo. Alimtazama mama.

"Mama Kachero," alisema polepole. "Sema wewe."

Mama alikuwa amelitazama zulia. Alilitazama kwa muda mrefu, kana kwamba kuna kitu amekiangusha pale. Halafu akasema, bila kuinua uso, "Nenda nyumbani kwanza. Tutaongea."

Dada Glavu alivua glavu zake, moja baada ya nyingine, akazitupa kwenye ndoo ya taka. Akachukua mkoba wake na kutoka. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakudondoka mpaka alipovuka kizingiti, na Kachero peke yake ndiye aliyeyaona, maana ndiye aliyekuwa mlangoni.

Wateja walimshika Kachero kichwa, wakamsifu. "Mtoto ana macho huyu!" "Mungu akukuzie, binti." Fundi cherehani alimkumbatia kwa viwiko, kwa kuwa vidole vilimuuma. Ilipaswa kuwa siku yake kubwa kuliko zote. Hata hivyo kuna kitu kilimsumbua. Mtu akigundua kwamba amehujumiwa, huuliza. Tangu lini? Umemwona wapi? Kopo limetoka wapi? Mama hakuuliza hata swali moja.

Jumatatu, aliporudi kutoka shule, mama alikuwa amemwekea uani chupa nyingine tupu za kuosha.

Kachero alichovya kijiti kwenye asetoni, ikamuuma vidole. Alitazama vidole vyake. Kwa siku kadhaa vilikuwa vimemwasha, naye alikuwa amemshuku mwalimu wa hesabu kwamba analeta chaki mbovu. Sasa kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia aliona malengelenge madogomadogo, yamejaa maji, kama ya fundi cherehani. Akatazama chupa. Akatazama glavu za bluu, bado zinaning'inia kwenye mti wa kamba ya nguo.

Dada Glavu ameshaondoka, aliwaza. Sasa chupa hizi naziosha kwa ajili ya nani?

Wakati huohuo akasikia sauti nzito ndani ya saluni. Alikuwa ni Bei Chee, mchuuzi wa vifaa vya urembo, aliyepita na begi lake la magurudumu kwenye kila saluni ya mtaa. Kachero alisogea kwenye dirisha.

"Mzigo uleule, mama yangu," Bei Chee alikuwa akisema. "Kiwanda kilekile. Wale wa vifuniko vya dhahabu wanakuuzia chupa, mimi nakuuzia kilichomo. Nimekuletea kopo jingine."

"Wateja wananilalamikia," mama alisema. "Na hili kopo halina hata maandishi. Kilichomo humu ni nini hasa?"

"Maandishi ya nini? Kwani wateja wanapaka maandishi kwenye kucha?" Bei Chee alicheka peke yake. "Wewe endelea kujaza kwenye chupa zako nzuri kama kawaida. Nani atajua?"

Kama kawaida. Maneno yale mawili yalimwingia Kachero taratibu, yakakaa. Alikuwa amemshuku kila mtu aliyeingia na kutoka nyumba ile. Alikuwa amechungulia kwenye ufa wa pazia, na mwenye kuamuru alikuwa upande huu wa pazia, akimpikia chakula. Na chupa zenyewe, nani alizifanya zionekane mpya? Ni yeye, kwa mikono yake, kila siku baada ya shule.

Alisubiri Bei Chee aondoke. Kisha akaingia.

"Mama, nani alimwambia Dada Glavu ajaze zile chupa?"

Mama aligeuka. "Wewe umeshamaliza kuosha?"

"Nani alimwambia, mama?"

"Mtoto hamhoji mzazi!" Sauti ya mama ilipanda juu. "Hayo mambo ya ukachero yana mipaka yake. Kaoshe chupa!"

Kachero hakutoka. Akanyoosha mkono wake tu. Mama alitaka kuendelea kufoka, akaona vidole. Akaushika mkono ule, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akaugeuza huku na huku. Mikono miwili yenye ugonjwa mmoja ikawa imeshikana pale dirishani, wa mama na wa mwana.

"Tangu lini?" mama aliuliza. Safari hii aliuliza.

"Tangu kabla ya Jumamosi."

Mama aliketi kwenye benchi la wateja. Hawakuosha chupa tena siku ile.

Kesho yake waliingia kwa daktari wa ngozi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kila swali. Mama alikuwa amekuja na chupa nyeusi kwenye mkoba. Daktari aliwatazama vidole, akachukua chupa, akasoma maandishi madogo ya ubavuni.

"Jeli mbichi haitakiwi kugusa ngozi," alisema. "Ndani yake kuna kemikali ambazo mwili unaweza kuzikataa, na mwili ukishakataa hausahau. Baadhi zinaruhusiwa kwa kiasi maalumu tu. Nyingine kuna nchi zimeshazipiga marufuku. Ndiyo maana mtengenezaji anatakiwa aandike kila alichotia, aandike jina lake, na aandike mwisho wa matumizi. Na aseme jeli yake inakaushwa kwa taa gani. Taa isiyolingana nayo hukausha juu tu. Unaona inang'aa, kumbe chini bado ni mbichi, inakula ngozi ya mteja siku nzima."

Alinyamaza, akaigeuza chupa mkononi.

"Iliyoandikwa hapa ni jeli ya watengenezaji wanaojulikana. Sasa niambie, mama, ili nijue natibu nini. Kilichoandikwa hapa nje ndicho kilichomo ndani?"

Mama alitazama chini. Sakafu ya chumba cha daktari haikuwa na zulia, lakini mama aliitazama vilevile, jinsi alivyotazama Jumamosi. Kachero alimpenda mama yake, na wakati ule alimwogopea kuliko alivyowahi kumwogopea mtu yeyote, maana alijua kwamba akinyamaza mara ya pili, kimya kile kitabaki nyumbani mwao daima. Aliuweka tu mkono wake wenye malengelenge juu ya goti la mama.

"Hapana, daktari," mama alisema. "Sicho. Ndani nimetia kitu kingine, na sijui ni kitu gani. Mwanangu anaosha chupa, msaidizi wangu anajaza kwa amri yangu. Aliniambia anaogopa, nikamnyamazisha. Wateja wangu nimewaambia ni ileile." Akavuta pumzi. "Na msaidizi nimemwacha abebe lawama mbele ya watu."

Daktari hakumgombeza. Aliandika dawa za kupaka, kisha akasema ukweli mwingine, na huo ulikuwa mchungu. Fundi cherehani, ambaye mama alikuwa amemweleza habari zake, aje naye, wasimcheleweshe. Mtoto asiguse tena vitu vile, si kwa glavu wala bila glavu. Yeye amewahi, huenda akapona kabisa. Lakini mama, kwa jinsi alivyoona, mwili wake ulikuwa umeshakataa. Jeli huenda asiishike tena maisha yake yote.

"Na lile kopo," daktari alimalizia, "lipelekeni ofisi ya viwango. Wanalo la kufanya nalo kuliko mimi."

Njiani mama alilia kidogo, akajifuta kwa ukosi wa gauni. "Rahisi ni ghali," alisema, kama anayejisemea. Walilipeleka kopo siku ileile, na mkaguzi alilipokea, akawauliza habari za Bei Chee na begi lake. Ilipofika jioni, simu ya Bei Chee ilikuwa haipatikani. Mkaguzi alisema haidhuru, mwenye begi la magurudumu huacha alama njiani.

Kazi ngumu kuliko zote ilibaki. Dada Glavu alikaa na mama yake mzazi mitaa ya nyuma, nyumba yenye ngazi ya saruji iliyovunjika. Walimkuta akianua nguo. Alipowaona hakukimbia, wala hakutabasamu.

"Shikamoo, dada," Kachero alisema. Alikuwa amejifunza hotuba nzima njiani. Ikabaki hivi tu: "Nilikusingizia. Sikukuuliza hata mara moja. Nisamehe."

Mama naye alisema yake, yote, bila kupunguza. Alisema hata mbele ya yule mama mzazi, na majirani wawili waliokuwa wakisukana kwenye ngazi, ambao walijifanya hawasikii.

Dada Glavu alikunja shuka, pembe kwa pembe, taratibu. "Mtoto alisema alichokiona," alisema hatimaye. "Yeye simlaumu sana. Wewe, Mama Kachero, uliniona natoka."

"Nilikuona," mama alisema.

"Kule ng'ambo niliondoka kwa sababu hiihii. Walikuwa wanajaza chupa. Nikaja kwako nikidhani nimekimbia. Nami nilipaswa kukataa mapema. Niliogopa kukosa kazi, nikajaza. Fundi cherehani ana haki ya kunidai na mimi." Aliweka shuka kwenye beseni. "Nitarudi. Lakini chupa ikiisha, inavunjwa. Na uwaambie wateja wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, wakiwa wamejaa kama walivyojaa siku ile."

Jumamosi iliyofuata benchi lilijaa, wengine wamekuja kwa udaku tu. Mama alisimama mbele yao, vidole vimefungwa bandeji, akaeleza kila kitu. Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. Mama alikuwa ameshampeleka kwa daktari na kubeba gharama, lakini urafiki haulipwi kwa dawa, na siku ile aliondoka bila kuaga. Wateja kadhaa waliondoka naye. Wengine walibaki. Mmoja alisema afadhali fundi anayekiri kuliko yule ambaye hujui kama anakudanganya.

Jioni, chumba kilipotulia, mama alimwita Kachero akaketi naye kwenye benchi.

"Mwanangu, kushuku si dhambi," alisema. "Usiposhuku kabisa, akina Bei Chee watakuuzia hata maji ya mtaro. Lakini kushuku ni mwanzo tu. Baada ya hapo unauliza, na unamuuliza kwanza yule unayemshuku, kabla hujamwanika mbele ya watu. Wewe uliruka hatua hiyo. Mimi nilifanya baya zaidi. Nilijua ukweli nikauficha, kwa sababu wewe ulikuwa umenipa mtu wa kumtwisha lawama. Na kitu kinachogusa mwili wa mtu, kiwe dawa, chakula au rangi ya kucha, mtu ana haki ya kujua ni nini. Chupa ikishamwagwa kilichokuwa ndani, maandishi yake yamekufa. Mwenye kuijaza kitu kingine ni mwongo, hata asiposema neno."

Siku hizi Kachero haoshi chupa. Mama hashiki tena jeli. Anakata kucha, anakanda miguu ya wateja, na rangi inapakwa na Dada Glavu. Fundi cherehani alirudi baada ya likizo, akakataa rangi, akakubali kukandwa miguu, na wote wakajua maana yake. Zile glavu za bluu za uani Kachero anazivaa anaposafisha choo.

Lakini ana kazi mpya. Mzigo mpya wa rangi ukiletwa, haufunguliwi mpaka yeye atoke shule. Anavua sare, anakula, kisha anaketi mezani, na chupa zikiwa zimefungwa bado, anasoma kwa sauti: jina la mtengenezaji, vilivyomo, taa yake, mwisho wa matumizi. Isiyo na maandishi inarudishwa ilikotoka.

Siku ya kwanza ya kazi hiyo alisoma chupa zote, zikawa sawa. Akanyamaza kidogo, kama daktari yule.

"Mama," aliuliza, "hizi umezinunua wapi?"

Dada Glavu aliacha kufuta meza. Mama aliinua uso, akamtazama mwanawe machoni, akajibu papo hapo.